Msonobari Mweupe na Mshale wa Mfalme

Katika vitabu vya historia husomwa sana habari za vita vilivyotokea kwa ajili ya dhahabu au ardhi. Leo twataka kueleza ugomvi uliotokea kwa ajili ya mbao laini za seremala.

Mti wenyewe ni msonobari mweupe wa Amerika ya Kaskazini, ndugu wa misonobari iliyopandwa katika nyanda za juu za nchi zetu, yenye majani membamba kama sindano. Mbao zake ni nyepesi, nyuzi zimenyoka, na randa hupita bila kukwama. Zikikaushwa vema hazipindi wala hazisinyai sana, tena hushika gundi na rangi. Kwa hiyo walowezi Waingereza wa New England walizitumia kwa milango, madirisha, masanduku na kuta za nyumba. Lakini zina kasoro: zikigongwa hubonyea upesi, na zikifukiwa katika udongo wenye maji huoza.

Mti huo ulitakiwa na mwingine pia, mwenye nguvu. Shina lake hupanda moja kwa moja hata futi 150 na kuzidi, na manowari za Mfalme wa Uingereza zilihitaji milingoti. Kanuni ya mafundi ilikuwa yadi moja ya urefu kwa kila inchi ya unene. Basi mlingoti wa inchi 36 ulikuwa na urefu wa futi 108. Uingereza ilinunua miti ya namna hiyo katika nchi za Bahari ya Baltiki, na vita viliweza kuifunga njia hiyo wakati wo wote.

Mwaka 1691 hati ya kifalme ya Massachusetts iliamuru ya kwamba kila mti wenye unene wa inchi 24 au zaidi, katika ardhi ambayo haijapewa mtu, uwe akiba ya Mfalme. Atakayeukata bila ruhusa atatozwa pauni 100. Baadaye amri kama hiyo ilienea katika makoloni ya jirani. Miti iliyochaguliwa ilitiwa alama ya mshale kwa mapigo matatu ya shoka.

Wapasuaji wa mbao walichukizwa, kwa maana mti mnene ndio utoao ubao mpana. Mwezi wa Aprili, 1772, huko Weare katika New Hampshire, ofisa wa serikali alikwenda kumkamata mtu kwa ajili ya magogo ya namna hiyo. Alfajiri watu zaidi ya 20, wamejipaka masizi usoni, walimvamia kitandani wakamchapa viboko. Waliposhtakiwa, kila mmoja alitozwa shilingi 20. Tuzilinganishe shilingi hizo na pauni 100 za mti mmoja!

Hatusemi ya kwamba msonobari ndio ulioleta vita vya mwaka 1775. Kodi na mambo mengine yalikuwa makubwa zaidi. Lakini mwaka huo huo merikebu za George Washington zilipeperusha bendera nyeupe yenye picha ya msonobari, na milingoti ya New England ikaacha kwenda Uingereza.

Hata hivyo, mshale ulipoondoka, shoka halikupumzika. Katika karne ya 19 wenyeji wenyewe walikata hata misonobari mikubwa ya kale ikawa nadra. Mfalme aliitunza miti pasipo kuwajali watu, na watu waliitumia pasipo kuwajali wajukuu. Msitu wataka sheria, na sheria yataka ridhaa ya wanaoishi kando ya msitu. Kimoja kikikosekana, seremala wa kesho hatapata ubao.