Sura ya mama mlezi katika ‘The Back-up Plan’

‘The Back-up Plan’ ni filamu ya Marekani ya mapenzi na ucheshi, iliyotolewa Aprili 2010 chini ya uelekezi wa Alan Poul. Zoe, mwenye duka la wanyama jijini New York, amechoka kumngoja mume. Anamwendea daktari na kupandikizwa mbegu za mfadhili asiyemjua. Siku iyo hiyo anagombania teksi na Stan, muuza jibini, na hapo ndipo penzi linapoanzia.

Zoe anaigizwa na Jennifer Lopez, mzaliwa wa Bronx mwenye asili ya Puerto Rico. Ni nadra Hollywood kumpa mwanamke wa asili hiyo usukani wa filamu kama hii. Hata hivyo, asili hiyo haina uzito wowote katika hadithi. Hata nyanya aliyemlea Zoe anaigizwa na Linda Lavin, Mmarekani wa asili ya Kiyahudi. Naye Anthony Anderson, mwigizaji mweusi, anamshauri Stan kuhusu malezi katika uwanja wa watoto, ila mhusika wake hakupewa jina.

Wanawake walioamua kulea peke yao ndio waliopunjwa zaidi. Mmoja wao anapojifungulia nyumbani katika kidimbwi, mtazamaji anatarajiwa kucheka tu. Zoe mwenyewe hapati nafasi ya kuuishi uamuzi wake, kwani Stan yupo tangu siku ya kwanza.