Bundi wa Pemba na Ushahidi wa Sauti

Mwaka 2027 itatimia miaka 90 tangu Bwana R. H. W. Pakenham, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza katika Unguja na Pemba, alipowaarifu wataalamu wa ndege kwamba Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana penginepo duniani; na kwa kuwa kisiwa hicho husifiwa kwa karafuu kuliko kwa viumbe wake, si vibaya kueleza jinsi bundi huyu alivyovuliwa daraja ya kuwa spishi kamili, kisha akarudishiwa.

Wataalamu wa zamani walihukumu kwa ngozi zilizokaushwa, zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Lakini bundi wa jamii hii hudanganya macho, kwani kisiwa kimoja huweza kuwa na wa rangi ya hudhurungi na wa rangi ya kutu, nao ni spishi moja. Ndipo wengi wakakata shauri kwamba wa Pemba, pamoja na wenziwe wa visiwa vya Ngazija, Nzwani na Maore katika Komoro, ni matawi tu ya bundi wa Bukini, yaani Madagaska.

Kisa cha Nzwani ndicho cha ajabu zaidi. Bundi wa huko, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1889, hakuripotiwa tena na mtaalamu yeyote baada ya mwaka 1886, hata akadhaniwa ametoweka. Mpaka mwezi Juni 1992, mtafiti Roger Safford alipomkuta yu hai katika mabaki ya msitu wa milimani. Naye halii kama bundi: hupiga mluzi mrefu wa huzuni, ambao msikilizaji mgeni angeudhania wa ndege wa ufukweni, na aghalabu asingeinua kichwa kumtafuta.

Mlio una nguvu ya ushahidi kwa sababu bundi hafunzwi kulia, bali huzaliwa na sauti yake. Kwa hiyo mtaalamu wa ndege Pamela Rasmussen na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2000, walipima ngozi na kanda za sauti kwa pamoja: wa Bukini hutoa mfululizo wa milio ya haraka, ilhali wa Pemba hutoa mlio mmojammoja, kwa kituo; na hilo likaunga mkono kumrudishia daraja ya spishi kamili. Hata hivyo insafu yataka isemwe kwamba sauti si kadhi asiyekosea. Bundi wa magharibi ya Bukini, waliyemtenga katika makala hiyohiyo, uchunguzi wa nasaba wa baadaye haukumtenga, na wengi wamemrudisha kwa nduguze.

Msomaji asidhani kwamba mabishano haya ni ya majina matupu. Orodha za dunia za viumbe walio hatarini huhesabu spishi, na tawi la spishi aghalabu hufunikwa na wingi wa nduguze. Kwa hiyo bundi wa Pemba, maadamu alihesabiwa wa Bukini, hakuonekana kuwa na dhiki, ingawa misitu yake ilikuwa imefyekwa tangu karne ya 19 kupisha mikarafuu, na leo maskani yake ni msitu wa Ngezi, masalia mengine ya msitu, na mashamba ya karafuu yenye miti mikongwe.

Ama sisi wenyeji wa pwani, tungali tunamwita ndege wa nuksi. Ni aibu kwamba wageni wamesafiri kutoka mbali kuja kunasa sauti yake, na mtoto wa Pemba amalize masomo asijue kwamba bundi huyo hana kisiwa kingine. Nami naona kumlinda huko Ngezi kuanzie darasani Konde, jirani na msitu huo, kabla ya mikutano ya ng'ambo.