Madarasa ya Jumamosi

Kwa miaka mingi, Jumamosi asubuhi nchini Burundi haikuwa na safari. Maduka yalifungwa, magari yalisimamishwa, na watu walishika majembe. Hizo ndizo ibikorwa rusangi, kazi za pamoja, zilizopamba moto enzi za Rais Pierre Nkurunziza. Kuanzia Gitega hadi Muyinga, mpakani na Tanzania, alama yake iliyo wazi kuliko zote ni shule. Wazazi walisomba mawe na mchanga. Vijana walifyatua matofali na kuyapandisha kilimani kichwani. Kuiita kazi hiyo ya kujitolea ni kusema nusu ya kweli, kwani asiyetokea alijulikana. Lakini madarasa yalisimama.

Mazoea ya watu kujisomeshea watoto ni ya zamani. Kanisa Katoliki lilikuwa na Yaga Mukama, madarasa ambamo watoto waliokosa nafasi shuleni walijifunza kusoma na kuandika Kirundi pamoja na katekisimu. Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, aligombana na Kanisa, na katika miaka yake ya mwisho madarasa hayo yakapigwa marufuku. Walioumia ni watoto wa maskini, maana wa wenye nacho walikuwa na shule zao.

Tayari shule yenyewe ilikuwa imetiwa doa. Mwaka 1972 walimu na wanafunzi Wahutu waliwindwa na kuuawa, na kuna wazazi walioona kalamu kuwa njia ya kumpoteza mtoto. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi wa Kibimba, mkoani Gitega, walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta. Mnara wa kumbukumbu upo hapo hapo, kando ya barabara iendayo Bujumbura.

Ndiyo maana Agosti 26, 2005 ilikuwa siku kubwa. Nkurunziza alipoapishwa alitangaza kufuta karo ya shule za msingi, na muhula ulipofunguliwa watoto walifurika. Madawati hayakutosha, wengine wakasoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Jumamosi zikapata kazi.

Tanzania ilikuwa imepita hapo mapema, kwa mlango mwingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani kufikia 1977, na pengo la walimu likazibwa na vijana waliomaliza darasa la saba, wakifundisha huku wenyewe wakifundwa kazini. Walichekwa sana, na naona walionewa: bila wao darasa lingekuwa na watoto na ubao tu. Burundi ilitumia nguvu za vijana kwenye kuta. Mtu wa kusimama mbele ya ubao hafyatuliwi kama tofali.

Muyinga ina jengo moja linaloonyesha kuta hizo zinaweza kuwa nzuri kiasi gani. Ni maktaba iliyokamilika 2012, sehemu ya mpango wa shule ya watoto viziwi, iliyosanifiwa na BC Architects wa Ubelgiji na kujengwa na mikono ya wenyeji. Matofali yake hayakuchomwa, hivyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya kuyachoma: udongo ulishindiliwa kwa mashine, kila tofali sentimita 29 kwa 14 kwa 9, likaachwa likauke. Ndani, juu ya vichwa vya wasomaji, umetandazwa wavu wa kamba za katani zilizosokotwa papo hapo, na watoto hupanda wakasoma wakiwa wamejilaza.

Mwaka 2013 elimu ya msingi ikarefushwa kutoka miaka 6 hadi 9. Vyumba vya darasa la 7, la 8 na la 9 vilihitajika kila kona, na wananchi wakaitwa tena. Wengi walikwenda. Mwalimu wa hesabu wa darasa la 9 hakupatikana Jumamosi.