Kompaila Huru na Safari ya Programu za Unix

Kompaila hugeuza maandishi ya mtunga programu yakawa amri zinazotekelezwa na prosesa. Programu nyingi za Unix ziliandikwa kwa lugha ya C, hivyo ziliweza kuhamia mashine nyingine zilizokuwa na kompaila ya C. Kikwazo kilikuwa bei. Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa GCC, kompaila ya mradi wa GNU, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Bila ruhusa hiyo, yote yaliyofuata yasingewezekana.

Mwaka 1989 DJ Delorie alimuuliza Stallman kama GCC ingeweza kufanya kazi kwenye MS-DOS. Akajibiwa kuwa haiwezekani: GCC ni kubwa mno, na DOS ni ya biti 16. Delorie hakukata tamaa. DJGPP, yaani GCC ya DOS aliyoitengeneza, iliiwezesha prosesa ya 386 kufanya kazi kwa biti 32, ikavuka mpaka wa kilobaiti 640 uliowabana watunga programu wa DOS. Mchezo wa Quake wa mwaka 1996 ulijengwa kwa zana hiyo.

Windows ilifikiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1995 Steve Chamberlain wa kampuni ya Cygnus aligundua kuwa Windows NT na 95 zilitumia muundo wa faili uitwao COFF, ambao zana za GNU tayari ziliufahamu. Hapo ikazaliwa Cygwin. Kiini chake ni maktaba moja, cygwin1.dll, inayokaa katikati ya programu za Unix na Windows kama mkalimani. Kazi ngumu kuliko zote ni fork, amri ambayo kwayo programu ya Unix hujizalia pacha. Windows haina amri ya namna hiyo. Cygwin hulazimika kuanzisha programu upya na kunakili kumbukumbu yake, na ndiyo maana huchelewa.

MinGW, iliyoanzishwa na Colin Peters mwaka 1998, ilimwacha mkalimani huyo na kutumia maktaba za Windows yenyewe. Baadaye mingw-w64 ikaongeza biti 64.

Mjini Lubumbashi, Kongo, ambako informatiki hufundishwa katika Chuo Kikuu na katika shule ya juu ya Salama, uhuru wa leseni ya GCC una uzito. Mingw-w64 pamoja na GCC hutiwa kwenye flash, ikapita mkono kwa mkono bila kuvunja sheria, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Mwanafunzi huandika salamu.c, huamuru gcc salamu.c -o salamu.exe, na Windows huiendesha. Faili hiyohiyo ya salamu.c ikipelekwa kwenye Linux, hujengwa tena bila kubadilishwa mstari hata mmoja.