Jumapili ya Pugu, 13 Januari 1889

Wakristo wa Temeke na Kinondoni waendao Pugu siku hizi hupita Ukonga na Gongo la Mboto kwa motokaa, na kabla hawajachoka wamekwisha fika. Haikuwa hivyo mwaka 1888, Wabenediktini wa kwanza kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walipokwenda kujenga vilimani huko chini ya Padre Bonifaz Fleschutz. Pugu ilikuwa mbali na mji, na msaada ulikuwa mbali vilevile.

Tena walifika katika mwaka mbaya. Mwezi wa Aprili Seyyid Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani yetu kwa kompania ya Wajerumani. Hata ilipofika Agosti kompania ikatweka bendera yake na kudai ushuru, na huko Pangani watu wake wakaingia msikitini bila heshima. Watu wakashika silaha, na Bushiri bin Salim akawa mkuu wao. Yafaa walimu wayaeleze haya kwanza, maana mtoto akisikia habari ya mauaji peke yake atadhani watu wa pwani waliamka asubuhi moja na chuki isiyo na sababu. Wamisionari hawakuwa watoza ushuru. Walakini walikuwa Wajerumani, na tena walikaa nao watu waliotolewa utumwani, ambao wenye biashara ile waliwahesabu kuwa mali yao.

Basi tarehe 13 Januari 1889 ilikuwa Jumapili, Oktava ya Epifania. Wapiganaji wakaivamia misheni. Wakauawa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Nyumba ikatiwa moto. Wengine wakakimbia, wengine wakatekwa. Na ajabu ya habari hii ni kwamba wale waliokuja kuwalea watumwa waliokombolewa, wao wenyewe wakakombolewa kwa fidia mwaka uleule.

Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Wabenediktini walijikusanya Dar es Salaam, wakafungua kituo cha Kurasini, na baadaye misheni ikarudi Pugu.

Tuwatajapo watu wa siku ile, twataja majina matatu, yote ya Ulaya. Lakini wale waliotolewa utumwani walikuwako pia, wakasikia bunduki zilezile; na kwao kutekwa hakukuwa kungojea fidia, bali hatari ya kuuzwa mara ya pili.