Mhunze Hadi Buenos Aires Daraja la Biashara: Historia ya Siti Ambayo Jiwe Liliipanda Kabla ya Watu

Kuna stori haziishi vijiweni, kuanzia Mhunze na Maganzo mpaka Geita mjini: siku mtu akipata jiwe la maana, au dhahabu ikikubali, anaenda wapi kula bata? Dubai imeshazoeleka. Guangzhou ni ya wafanyabiashara. Kwa anayetaka picha ambazo mtaani hakuna aliyewahi kuposti, jibu ni Amerika Kusini, tena Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, nchi ya Maradona na Messi. Na siyo kwenda kubanana nyuma. Ni daraja la biashara, siti inalala kama kitanda.

Safari hiyo inawezekana kabisa. Ila kabla ya kulipia tiketi, ni vizuri kujua nani walitangulia kwenye njia hii na walikaa wapi.

JIWE LILITANGULIA

Mhunze ndiyo makao makuu ya wilaya ya Kishapu, na ndani ya wilaya hiyo ndipo ulipo mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliigundua almasi hapo. Mgodi ukawa na uwanja wake wa ndege wakati watu wengi wa vijiji vya jirani wanatembea kwa miguu.

Mwaka 1947 likapatikana jiwe la pinki lenye karati 54.5. Williamson akalitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia Elizabeth II. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya ua la kubandika kwenye gauni, kazi ya Cartier. Malkia alilivaa miaka na miaka.

Wengine watasema hayo ni ya kizamani. Haya, mwaka 2021 jiwe lingine la pinki la Mwadui, karati 32.32, liliuzwa Antwerp, Ubelgiji, kwa dola milioni 13.8. Likakatwa, likapewa jina la Williamson Pink Star, likabaki na karati 11.15. Oktoba 2022 likapigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Jiwe limetoka Kishapu, limezunguka Ulaya na Asia chini ya ulinzi, na lina jina linalojulikana dunia nzima. Waliochimba na kuchekecha ule mchanga, hakuna anayewataja.

WATU WALIPELEKWA CHINI YA MELI

Buenos Aires nayo ni mji uliokuzwa na madini. Hata jina Argentina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya fedha, yale madini meupe. Fedha ya mlima wa Potosí, ulioko Bolivia ya leo, ilishushwa kupitia hapo na kupelekwa Hispania, na mwaka 1776 Wahispania wakaufanya mji huo makao makuu ya jimbo lao jipya. Brazil ilikuwa hivyo hivyo: dhahabu na almasi za Minas Gerais zilichangia makao makuu ya koloni kuhamishwa kutoka Salvador kwenda Rio de Janeiro mwaka 1763. Mtu wa Shinyanga au Geita hahitaji kuelezwa sana. Madini yakitoka, mji mwingine wa mbali ndio unajengwa.

Sasa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Kwenye karne ya 18 na 19, watu wengi waliokamatwa bara walipakiwa melini Msumbiji, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema na kupelekwa Brazil na Rio de la Plata, yaani huko huko Buenos Aires na Montevideo. Walikaa tumbo la meli, wamefungwa minyororo, wiki kwa wiki.

Desemba 1794 meli ya Kireno iitwayo São José iliondoka Kisiwa cha Msumbiji kuelekea Brazil, ikiwa na mateka zaidi ya 400. Ikapasukia kwenye miamba karibu na Cape Town. Karibu nusu yao walikufa maji. Waliookolewa hawakuachiwa huru. Waliuzwa hapo hapo Cape. Jina la meli lipo, na taarifa ya nahodha ipo. Majina ya abiria hayapo.

Waliofika walibadilisha miji ile. Sensa ya mwaka 1778 ilionyesha karibu theluthi moja ya watu wa Buenos Aires walikuwa weusi au machotara. Wapenzi wa muziki wasikie hili pia: sehemu wanapocheza tango huitwa milonga, na wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na Kimbundu cha Angola, lenye maana ya maneno. Mswahili anayejua kulonga hapo hahitaji mkalimani.

SITI YA MBELE ILIZALIWAJE?

Daraja la biashara siyo la kale kihivyo. Zamani ndege kubwa zilikuwa na daraja la kwanza na la kawaida tu. Miaka ya 1970 tiketi za bei chee zikaongezeka, na waliolipa nauli kamili wakalalamika: iweje wakae na aliyelipa nusu? Mwaka 1978 Pan Am na British Airways zikaanza kuwatenga abiria hao, na mwaka 1979 Qantas ikatangaza daraja la biashara kwa jina hilo. Kitanda cha kunyooka kabisa kwenye daraja hilo kililetwa na British Airways mwaka 2000.

Tanzania ilipopokea Dreamliner yake ya kwanza mwaka 2018, siti za mbele zilikuwa 22 kati ya 262.

LEO INAPANGWAJE?

Mhunze hadi Mwanza ni gari, kisha ndege hadi Dar. Hapo usimwage hela: kwenye ndege ndogo za safari za ndani siti ya mbele ni pana, lakini hailali. Hela yako iweke kwenye kipande kirefu. Ethiopian Airlines imekuwa ikienda Buenos Aires tangu 2018, kutoka Addis Ababa kupitia São Paulo, na Addis hadi São Paulo peke yake ni kama saa 12. Hapo ndipo kitanda kinapokuwa na maana.

Viza ya Argentina iombe mapema kabla hujalipia tiketi isiyorudishwa. Ukitaka kushuka uzurure São Paulo, ya Brazil nayo inahitajika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, maana hata ukirudi nyumbani utaulizwa. Juni hadi Agosti kule ni baridi, na saa ziko 6 nyuma ya Tanzania.

La mwisho ni la watu wa machimbo hasa: usithubutu kusafiri na jiwe au dhahabu mfukoni bila kibali. Tangu 2019 kuna masoko ya madini yaliyofunguliwa mikoani, Geita na Shinyanga zikiwemo. Uza huko, chukua karatasi zako, zinakusaidia hata ubalozini wakikuuliza hela imetoka wapi.

Ukifika, usiishie kupiga picha uwanja wa Boca. Tembea San Telmo, mtaa walioishi Waafrika wengi enzi hizo, usikilize ngoma za candombe. Kuna watu wa upande huu wa dunia walifika hapo kabla yako, bila tiketi ya kurudi na bila jina. Wewe unaenda na pasipoti yenye jina lako kamili, na kurudi ni uamuzi wako. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, hata kuliko siti.

Haya wadau, mkwanja ukikubali, ni kitanda cha angani au nyuma halafu chenji inajenga nyumba Mhunze?