Wakimbizi wa Rabai

Leo twende Rabai, vilimani karibu na Mombasa. Kazi ya kanisa pale iliongozwa na William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni akauzwa, kisha akakombolewa na kusomeshwa India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka kuwa shemasi.

Sisi tungalisema, "Tumeteseka vya kutosha, sasa na tustarehe." Lakini watumwa waliotoroka mabwana zao walipofika Rabai, Jones na wenzake waliwapokea. Haikuwa rahisi. Njaa kali ilikuwa imeipiga nchi ile mwaka 1884, na wakubwa wa misheni waliogopa ugomvi na wenye watumwa. Mara ngapi nasi tumefunga mlango kwa hofu ndogo kuliko hiyo! Wakimbizi wakajenga na kulima papo hapo, pamoja na wenyeji wao.

Mwaka 1888 mabwana walikuja kuwadai. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akakubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400, wa Rabai na vituo jirani, wakapewa vyeti vya uhuru. Furaha aliyokuwa nayo Jones na wenzake wachache ikawa ya kijiji kizima.